Desturi ya Nyumba ya Mungu Huanzia Wapi?

Somo kwa wazee wa kanisa, viongozi wa vikundi na Wakristo wote

Kabla ya kuanza, someni: Matendo 6:1-7, Mathayo 18:15-20, Wagalatia 2:11-14, na Waraka wa Tatu wa Yohana, ambao ni mfupi, unakwisha kabla chai haijapoa.

Ndugu zetu katika Kristo, tumeombwa tuandike somo kwa ajili ya viongozi waliochaguliwa mwaka huu: wazee wa kanisa, mweka hazina, viongozi wa Umoja wa Akina Mama, wa vijana, wa kwaya na wa nyumba za maombi. Ombi hilo tumelipokea kwa furaha, ingawa twajua kwamba baadhi yenu mtasema, “Mwalimu amestaafu lakini chaki hajaiweka chini.” Na iwe hivyo.

Sisi tuliosomea ualimu chuoni tulifundishwa kuandika azimio la kazi na andalio la somo. Mwalimu hakuruhusiwa kuingia darasani mikono mitupu. Lakini tulipopelekwa shuleni tuliona upesi kwamba liko jambo lisiloandikwa katika andalio lo lote. Mgeni akikaa juma moja tu katika shule, hata asiposoma kanuni zilizobandikwa ukutani, atajua shule hiyo ni ya namna gani. Kengele inapolia, watoto wanakimbia au wanajikokota? Mwalimu mkuu akipita, wanamsalimu au wanajificha nyuma ya choo? Mtoto akikosea hesabu ubaoni, wenzake wanamcheka au wanangoja ajaribu tena? Hayo hayakuandikwa na mtu, wala hayakupigiwa kura. Yalijengwa kidogo kidogo na yale mwalimu aliyoyasifu, aliyoyakemea, na zaidi sana yale aliyoyaona akanyamaza.

Kanisa nalo ni vivyo hivyo. Tunayo Katiba ya Dayosisi, tunacho Kitabu cha Sala, tunazo kumbukumbu za halmashauri. Hata hivyo, mgeni akija Jumapili moja tu atatusoma bila kufungua kitabu. Ataona ni nani anayesogezwa kwenye benchi la mbele na ni nani anayeachiwa pembe ya mlangoni. Atasikia baada ya ibada, pale nje tunaposalimiana, kama tunataja mema ya watu au tunawachambua. Jambo hilo ndilo tunaloliita desturi ya kanisa: yale tunayoyafanya bila kuulizana.

Basi tujiulize, desturi hiyo huanzia wapi, na kiongozi ana kazi gani ndani yake?

MANUNG'UNIKO YA YERUSALEMU

Watu wengi hudhani kanisa la kwanza halikuwa na matata. Tukisoma Matendo sura ya 6 twaona kwamba matata yalianza mapema, tena yalianza kwa chakula. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani waliona wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, na wajane wa Kiebrania wanapata. Lilikuwa neno la lugha na la kabila, nasi wa Tanzania tunalielewa bila kutafsiriwa.

Angalieni walivyofanya Mitume. Kwanza, hawakuuliza ni nani aliyeanza kunung'unika. Kwetu sisi hilo ndilo swali la kwanza! Mtu akisema katika mkutano kwamba fedha za mavuno hazikusomwa, tunaanza kuchunguza yeye ni rafiki wa nani, wala hatuchunguzi daftari. Pili, Mitume waliita mkutano wote. Hawakulimaliza jambo gizani. Tatu, tazameni majina ya wale saba waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Yote ni majina ya Kiyunani. Inaelekea, basi, kwamba meza na ufunguo wa ghala vilikabidhiwa watu wa upande ule ule uliolalamika. Sisi tungeunda kamati ya kuchunguza malalamiko, na kamati hiyo ingejaa watu wale wale waliolalamikiwa.

Mstari wa 7 unaonyesha matokeo: neno la Mungu lilienea na hesabu ya wanafunzi ikazidi. Luka ameyaweka mambo haya mawili pamoja, mgao wa chakula na kuenea kwa Injili, naye hakufanya hivyo kwa bahati.

Juu ya Diotrefe hatuna haja ya kusema mengi, maana kila parishi inamjua mtu kama huyo. Alipenda kuwa wa kwanza, akaikataa barua ya mzee Yohana, akakataa kuwapokea ndugu wageni, tena akawafukuza wale waliotaka kuwapokea. Neno moja tu tuliangalie. Waraka haumshitaki kwa mafundisho ya uongo. Huenda alihubiri vizuri. Kosa lake lilikuwa namna yake ya kukaa na watu.

MAMBO YA GAHINI

Katika Afrika Mashariki sisi Waanglikana tunacho kisa kikubwa cha desturi ya kanisa kugeuzwa, nacho ni Uamsho. Vijana wetu wengi wanaufahamu kwa wimbo wa Tukutendereza peke yake, nao huuimba bila kujua ulikotoka. Afadhali tuueleze.

Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, wa hospitali ya misioni ya Gahini nchini Rwanda, alikwenda Kampala akiwa amechoka kabisa. Rwanda ilikuwa imepigwa na njaa kali, na kazi yake ilimwelemea. Huko Namirembe alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, aliyekuwa mtumishi wa serikali katika idara ya afya. Wawili hao walikaa na Biblia, wakasoma habari za Roho Mtakatifu, wakaomba pamoja. Wakati ule mzungu na Mwafrika kukaa hivyo, kila mmoja akikiri kwamba ana haja, halikuwa jambo la kawaida. Nsibambi baadaye aliacha kazi ya serikali akawa mhubiri.

Lakini tunapenda zaidi habari za mtu wa tatu, Yosiya Kinuka. Yeye alikuwa mkubwa wa wasaidizi Waafrika katika hospitali ya Gahini. Hospitali hiyo ilikuwa ya misioni, sala zilisaliwa, lakini watumishi wake walikuwa hawapatani, na Kinuka mwenyewe alikuwa na uchungu moyoni. Alipokwenda Kampala akamfikia Nsibambi, alimwaga malalamiko yake yote juu ya Gahini. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamrudisha kwake mwenyewe: mambo ya hospitali yatengenezwe kuanzia moyo wa Yosiya. Njiani akirudi Gahini Kinuka alijitoa kwa Kristo, na waliomjua walimwona amekuwa mtu mwingine.

Sasa hapa pana fundisho, nasi tunaomba viongozi wapya walikae. Nsibambi hakusema kwamba malalamiko ya Kinuka yalikuwa uongo. Pengine mengi yalikuwa kweli. Lakini Kinuka alikuwa kiongozi, na kiongozi ndiye mtu pekee katika kundi ambaye uchungu wake huwa uchungu wa wote. Mfagiaji akinuna, amenuna peke yake. Msimamizi akinuna, hospitali yote hununa. Tumeliona shuleni, tunaliona katika kwaya.

Katika miaka ya 1930 moto ulishika Gahini, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na kwetu Tanganyika. Mwalimu Blasio Kigozi, ndugu mdogo wa Nsibambi, alifundisha wainjilisti huko Gahini. Alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana, wakati alipokuwa amejiandaa kusema mbele ya sinodi huko Uganda kwamba Kanisa liamke. Watu walitubu dhambi kwa kuzitaja. Walirudisha vitu walivyoiba. Wamisionari waliomba msamaha kwa Waafrika, jambo ambalo wengi hawakutazamia kuliona maishani. Walianza kukutana kila juma kusoma Neno na kuambiana kweli. Hilo waliliita kutembea nuruni.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alikuwa mtoto wa Uamsho huo. Wazee wa Dodoma walimfahamu kabla hajawa askofu, kwa kuwa alifundisha pale shule ya Alliance katika miaka ya 1940. Yeye mwenyewe alizoea kusimulia jinsi siku moja alivyogombana na mkewe Mera, kisha akajiandaa kwenda kuhubiri. Moyoni akasikia akiambiwa arudi kwanza apatane na mkewe. Akajitetea kwamba muda umekwisha, watu wanamngoja, atapatana naye baada ya mahubiri. Akajibiwa moyoni kwamba aende tu akahubiri, naye Bwana atabaki na Mera jikoni. Kivengere akarudi jikoni. Wahubiri wengi wangekificha kisa hicho. Yeye alikitumia kufundishia, na watu waliomsikia walijifunza kwamba katika kanisa hilo hata mkubwa huomba msamaha. Somo kama hilo halifundishwi kwa waraka.

Na desturi hiyo ilijaribiwa. Mwaka 1977 maaskofu wa Uganda walimwandikia Rais Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na maonevu. Tarehe 16 Februari Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Kivengere alikimbia nchi, na mwaka ule ule akatoa kitabu juu ya kumpenda Idi Amin, akieleza jinsi alivyopaswa kutubu chuki iliyoota moyoni mwake. Watu hawawi namna hiyo kwa siku moja wakati wa hatari. Luwum na Kivengere walikuwa wamezoea nuru kwa miaka mingi katika mambo madogo, kama yale ya jikoni.

PALIPO NA NURU, JICHO LAWEZA KUUMIA

Hatutaki kuusifu Uamsho kana kwamba haukuwa na kasoro. Sisi walimu tunajua kwamba mwanafunzi bora naye huwa na daftari moja chafu.

Mwaka 1941 katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, wanafunzi wa Uamsho waliamka alfajiri sana kusali na kuhubiria wenzao. Mkuu wa chuo aliwakataza, wao wakasema hawawezi kunyamaza. Wanafunzi 26 walifukuzwa, na kiongozi wao alikuwa William Nagenda. Ukisoma habari hizo leo unawahurumia wote. Wakubwa waliona uasi tu, wasitake kusikia maneno ya dhambi yaliyokuwa kweli. Vijana nao waliona giza tu kwa kila asiyesali kama wao. Ashukuriwe Mungu, wengi wa Uamsho walikaa ndani ya Kanisa wala hawakuanzisha lao.

Huko Nyanza, Kenya, mambo yalikwenda vingine. Wale wa Uamsho walijulikana kama Joremo, watu wa damu, yaani damu ya Yesu. Padre Matthew Ajuoga na wenzake waliona kwamba Joremo wamejifanya kanisa ndani ya kanisa, wakipima nani ameokoka na nani bado. Mwaka 1957 ulitokea mfarakano, na Ajuoga na wenzake wakatoka wakaanzisha Kanisa la Kristo katika Afrika, ambalo watu wake huitwa Johera, watu wa upendo. Hebu fikirini: damu upande huu, upendo upande ule, na wote ni Waanglikana waliobatizwa kwa maji yale yale!

Tumeleta habari hizi kwa sababu kiongozi anayetaka kusafisha nyumba anaweza kuwafagia na watu waliomo. Kutubu kukiwa kwa hiari huleta uzima. Kukilazimishwa, watu hujifunza maneno ya kutubu, wakayasema kwa ustadi, na dhambi ikabaki pale pale. Tena walioshindwa kuyasema hukaa pembeni. Kipimo chetu kiwe hiki: je, mdogo anaweza kumwonya mkubwa katika kanisa hili, au onyo hushuka tu kama maji ya mlima? Kwa Wagalatia sura ya 2 Paulo alimpinga Petro uso kwa uso, kwa jambo la meza tena, kwa kuwa aliacha kula na watu wa Mataifa walipofika watu waliotoka kwa Yakobo. Petro alikuwa nguzo. Nguzo ikipinda isipoambiwa, paa lote litafuata.

BINTI ALIYEKAA NYUMA

Sasa tuje nyumbani, Tlawi na Mbulu yote, maana tukibaki Gahini tutakuwa tumesimulia tu.

Sisi Waanglikana hapa ni wachache. Ndugu zetu Wakatoliki wamekuwapo Tlawi tangu 1907, na Walutheri wana kazi kubwa, hospitali ya Haydom ikiwa mfano tangu 1955. Udogo wetu una faida moja: jambo likiharibika tunaliona upesi, na likitengenezwa tunaliona upesi vile vile.

Wazee wetu wa Kiiraqw walikuwa na desturi ya metimani. Vijana wengi hawaijui tena, au wanaijua jina tu. Watu waliofikwa na jambo lililohesabiwa kuwa la hatari kwa nchi walitengwa kwa muda: wazazi waliofiwa na mtoto, mama aliyeharibikiwa na mimba, na wengine. Hawakushirikiana chakula wala vyombo na majirani mpaka muda utimie. Na msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa aliondolewa nyumbani kabisa, asizalie katika nyumba ya baba yake, kwa hofu kwamba nchi itakosa mvua na watu watapatwa na mabaya. Wengine walikwenda mbali, kwa kabila nyingine, wasirudi.

Tusiwacheke wazee. Walikuwa wanailinda jamii yao kwa elimu waliyokuwa nayo, na nia ya kulinda nchi si nia mbaya. Injili ilipofika, Wakristo walianza kwenda kuwakumbatia waliofiwa, wakala nao, wakalala nao matanga. Jirani waliona ajabu. Twaamini kwamba tendo hilo lilihubiri kuliko mahubiri mengi.

Lakini juu ya binti mwenye mimba tumefanya nini? Hapa tunaomba tusomane polepole, kwa maana jambo lina uchungu.

Tuchukue mfano, ambao si wa mtu mmoja bali wa wengi tuliowaona. Binti wa miaka 17 ni mwimbaji wa kwaya. Anaonekana ana mimba. Juma lile lile jina lake linapelekwa kwa wazee wa kanisa, anatengwa na Meza ya Bwana, anatolewa kwaya, na Jumapili anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, kama bado anakuja. Mama yake, aliyekuwa kiongozi katika Umoja wa Akina Mama, anaambiwa apumzike uongozi. Baada ya kuzaa atasimama mbele ya kanisa atubu kwa sauti. Mtoto wake hatabatizwa Jumapili pamoja na wengine. Atapangiwa siku ya kazi, asubuhi, watu watatu wakiwapo. Na kijana aliyempa mimba? Mara nyingi anajulikana. Mara nyingi bado anaimba besi, mstari wa nyuma.

Je, hii ni nidhamu ya Kikristo, au ni metimani iliyovaa kanzu?

Mtu atatujibu: “Mwalimu, mnataka dhambi isikemewe?” Hapana. Mathayo 18 iko palepale, wala hatuwezi kuing'oa. Lakini isomeni kwa utaratibu kama inavyosomwa kanuni ya hesabu, hatua kwa hatua. Hatua ya kwanza ni kwenda kwake, wewe na yeye peke yenu. Ya pili ni kwenda na mmoja au wawili. Kanisa huambiwa katika hatua ya tatu, ikiwa yule mtu hakusikia. Sisi tunaanzia hatua ya tatu, kisha tunashangaa jibu halitoki. Tena lengo limeandikwa hapo hapo, katika mstari wa 15: kumpata ndugu yako. Si kulisafisha jina la parishi.

Na tukumbuke Yohana sura ya 8, walipomleta kwa Yesu mwanamke mmoja aliyekamatwa katika uzinzi. Dhambi ile haifanywi na mtu mmoja. Mwanamume alikuwa wapi? Waliomkamata mwanamke walimwona na mwanamume, nao wakamwacha aende zake. Desturi hiyo ni ya zamani kuliko Tlawi.

Sisi tuliofundisha tunalo la kuongeza. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, na kanuni za mwaka 2002, ingawa hazikutaja mimba waziwazi, zilitumiwa kwa jambo hilo. Katika shule moja tuliyofundisha, ambayo hatutaitaja, msichana aliyekuwa wa kwanza katika hesabu aliondoka katikati ya muhula, na kiti chake kikasogezwa kando ili wengine wapate nafasi. Aliyempa mimba alimaliza. Hatujasahau. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatizwa masomo kwa kujifungua waruhusiwe kurudi katika mfumo wa kawaida wa shule. Basi leo binti anaweza kunyonyesha mtoto wake asubuhi, akamwachia bibi, akaenda kukaa darasani dawati la mbele. Jumapili anakuja kanisani na kukaa nyuma. Serikali imemfungulia mlango ambao Kanisa linaushikilia. Hili linatuaibisha, nasi hatuoni njia ya kulisema kwa upole zaidi.

YA KUCHUKUA NA YA KUACHA

Wengine watasema basi tuziache desturi zote za zamani. La, sivyo. Kule Masasi Padre Vincent Lucas, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa huko tangu 1926 hadi 1944, aliona kwamba vijana Wakristo hawawezi kunyimwa jando wakabaki watu kamili machoni pa wenzao. Kabla hajawa askofu alianza kulichukua jando likafanywa chini ya Kanisa, sala zikawekwa, mafundisho machafu yakaondolewa. Wengi walimpinga wakati ule, na kwa upande wa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi. Lakini alikuwa amelitazama jambo kabla ya kulihukumu, wala hakulitupa zima zima wala kulimeza zima zima.

Nasi tunacho cha kuchukua. Wazee wa Kiiraqw hawamalizi kikao hivi hivi. Mzee husimama akatoa slufay, maneno mazito ya kuombea nchi, watu na mifugo, na waliokaa huitikia kwa pamoja mpaka mwisho. Waliokuwa wakibishana hujikuta wameitikia baraka moja. Ni kweli slufay mara nyingi imekwenda pamoja na pombe, na hapo kila mtu ana dhamiri yake. Lakini mlinganishe na vikao vyetu vya halmashauri: sala ya kufunga inasaliwa upesi, nusu ya watu wameshika funguo za pikipiki, wengine wamenuna, na ubishi unaendelea njiani hadi senta. Afadhali mzee mmoja awe na kazi ya kuhakikisha hakuna anayetoka kabla ya kupatana na mwenzake.

Mambo ya fedha tuyataje kwa kifupi, kwa sababu dawa yake inajulikana. Hesabu zisomwe kila mwezi, hata kama ni shilingi elfu kumi na debe la mahindi. Wahesabuji sadaka wawe wawili au zaidi, wasiwe wa nyumba moja. Magunia ya mavuno yauzwe kwa bei iliyoandikwa, na aliyeyanunua ajulikane, hasa akiwa ni mzee wa kanisa. Mweka hazina mwaminifu atafurahi, maana daftari linalosomwa humlinda yeye kwanza.

Na juu ya kuachia nafasi: kiongozi aliyekaa miaka 15 na ufunguo wa stoo huenda hana hila yo yote, amezoea tu, nasi tumemzoea. Yethro alimwona Musa akiamua kesi tangu asubuhi hata jioni, akamwambia jambo hilo si jema (Kutoka 18). Mkwe alisema naye Musa akasikia. Kila kiongozi mpya na achague msaidizi katika mwezi wake wa kwanza, wala asingoje mwaka wake wa mwisho.

MAZUNGUMZO KATIKA NYUMBA ZA MAOMBI

Juma hili, mkikutana, msiyapitie yote. Chagueni swali moja mlikae. Mgeni akija kwetu mara ya kwanza, ni nani humsalimu, na humwambia nini? Mara ya mwisho mtu alipolalamika katika mkutano, tulichunguza malalamiko au tulimchunguza mtu? Ni lini tulimsikia kiongozi wetu mmoja akiomba msamaha mbele yetu, na tulimpokeaje? Msimtaje mtu asiyekuwapo.

Kwa halmashauri ya parishi tunalo ombi, nasi tumekwisha kulipeleka kwa maandishi kwa katibu. Katika kikao kijacho desturi yetu ya kutenga iwekwe kwenye ajenda, isiwe katika mengineyo ambapo watu wamechoka, bali mwanzoni. Pawe na akina mama wasiopungua idadi ya wanaume watakapolizungumza. Ijulikane ni nani atakayemwendea binti kwanza, peke yake, kabla jina lake halijafika mezani. Tunapendekeza awe mama mtu mzima ambaye binti mwenyewe anamwamini. Kijana aendewe siku iyo hiyo. Mama wa binti asiondolewe katika uongozi kwa dhambi ambayo si yake. Na mtoto abatizwe Jumapili, mbele ya kanisa lote, pamoja na watoto wengine. Wakitafutwa wadhamini wa ubatizo wake, wazee wa kanisa wawe wa kwanza kunyoosha mkono. Sisi wenyewe, kama tutakubaliwa, tumekwisha kuandikisha jina letu kwa Padre.